Zamu ya Taratibu

Kinyozi alikuwa amefika kwenye kisogo cha dereva wa lori, mahali panapotaka mkono mwepesi kwa sababu shingo ya dereva yule ilikuwa na mikunjo kama ya mtoto mchanga, dereva aliposema:

"Dada, ile albamu yenu nimeipenda. Na yule fundi mliyemtuma kafanya kazi safi."

Kinyozi akazima mashine.

"Fundi gani?"

"Wa mlango. Mlango wangu wa uani ulikuwa umekaa upande siku nyingi. Nimeweka wimbo wa kwanza, sijakaa hata vizuri, nasikia hodi. Kijana mrefu, kofia ngumu ya njano kama zile za machimboni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akasalimia, akaomba maji, akaomba bisibisi. Wimbo wa mwisho ulipoisha akasema anarudi kazini. Mimi nikajua ndiyo zawadi ya kununua albamu."

"Alifanya kazi haraka au polepole?"

"Haraka wapi, dada. Skrubu moja aliitazama kama anaichumbia."

Kinyozi akawasha mashine, akamalizia kisogo, akapaka spiriti na poda, akakung'uta shuka. Dereva alipotoka, akafunga kibanda chake mchana kweupe na kwenda nyumbani kumwambia mama mkwe wake kwamba Taratibu ameonekana.

Mama mkwe alikuwa uani akianika nguo. Aliibana kwanza ile aliyokuwa nayo mkononi.

"Kala?"

"Kaomba maji tu."

"Nyumba za watu," mama mkwe akasema, "hata chakula hawajui kumkaribisha mgeni."

Taratibu alikuwa mume wa kinyozi na mwana pekee wa mama huyu. Jina lake la cheti lilikuwa jingine, lakini alichelewa kuzaliwa mpaka mkunga akasinzia kitini, na siku ya harusi yake aliingia ukumbini wageni wengine wakiwa tayari wanatafuta viatu vyao. Watoto wa mtaa wakampa jina, likamganda. Kazi yake ilikuwa useremala wa machimboni: kukata magogo na kuyasimamisha yashike paa la handaki. Wenzake walimpenda kwa sababu hiyo hiyo ya upole wake. Mtu wa pupa hafai kuegemeza mlima juu ya vichwa vya watu.

Halafu ukaja msimu wa mvua nyingi na handaki la chini likaporomoka. Kabla jua halijazama kampuni ilikuwa imeleta mashine na kuuziba mdomo wake kwa zege. Tangazo likasema handaki lilikuwa tupu, zamu ilikuwa imeshatoka. Wake na mama wa wasiorudi walipokwenda langoni, waliambiwa kwamba watu hao hawakuwahi kuwa wafanyakazi wa kampuni. Walikuwa vibarua wa mnyapara, na mnyapara alikuwa amehama bila kuaga.

Wanawake wale walisimama langoni kwa muda, kisha maisha yakawavuta mmoja mmoja, huyu kwa watoto, yule kwa biashara. Wakabaki wawili, kinyozi na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa na zeze la baba yake. Siku moja alilishusha ukutani, akakaa kwenye kivuli cha ukuta wa kampuni, akaanza kupiga nyimbo alizokuwa akimbembelezea Taratibu alipokuwa mchanga. Kinyozi, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akiimba chini ya sauti ya mashine tu, akamwitikia. Mlinzi akawazoea. Fundi mmoja wa kurekodi, aliyekuwa na chumba kilichopigwa magodoro ukutani, akawasikia akipita, akawaomba waende kwake.

Hivyo ndivyo ilivyopatikana albamu yao ya kwanza, *Njoo Taratibu*. Mtangazaji wa redio ya mjini ndiye aliyewaita Mkwe na Mkwe. Kwa kuwa hakuwa amesimuliwa lolote, alidhani jina la albamu ni nasaha kwa madereva, akawa anaipiga kabla ya habari za barabarani.

Baada ya dereva wa lori wakaja wengine. Kila Jumamosi adhuhuri redio ilikuwa na kipindi cha maoni ya wasikilizaji, na wakwe wale wawili walikaa mezani na redio katikati yao kama sahani ya chakula.

Muuza viatu vya mitumba alipiga simu akasema zeze lile limemkumbusha shangazi yake, na kwamba kijana mwenye kofia ya njano amemtengenezea mguu wa meza. Muuguzi akasema wodi yao nzima imeupenda wimbo wa tatu na dirisha sasa linafunga. Mwalimu wa kwaya akalalamika kwamba waimbaji hawafuati mizani, mmoja anakimbia na mwingine anajikokota, ila bawaba za kabati lake hana neno nazo. Mpangaji mmoja alisema kwa ukali kwamba sauti ya yule mama inakwaruza kama sufuria, na kwamba fundi wao ni mzito mno. Ilimbidi airudie albamu kutoka mwanzo ili pasi yake moja iishe kutengenezwa.

"Basi aimbe yeye, tumsikilize," mama mkwe akaiambia redio.

Mtangazaji aliwashukuru wote kwa usawa na kuwauliza wimbo gani uchezwe tena.

Mji ulizoea upesi. Watu walijifunza kwamba fundi ni mmoja na hawezi kuwa kila mahali, kwa hiyo waliopakana ukuta walipeana zamu ya kuipiga albamu. Waliweka maji karibu na mlango, maana kila aliyepiga simu alisema kijana yule hunywa maji kama aliyetoka safarini jangwani. Baada ya mama mkwe kulalamika kibandani kwa mteja mmoja, na mteja akamwambia mwingine, wakaanza kumwekea na sahani.

Kinyozi aliwauliza wateja wake swali moja tu.

"Nywele zake zikoje?"

"Zimetoka nje ya kofia," akasema mmoja.

"Zimeshuka mabegani," akasema mwingine wiki zilizofuata. "Anazisukuma nyuma akiinama, zinamsumbua machoni."

Kinyozi aliitikia tu na kuendelea na kazi. Kichwa cha mumewe alikijua kuliko uso wake mwenyewe. Kilikuwa na kovu dogo juu ya sikio la kushoto, nywele zinazozunguka utosini kama maji yanayoingia shimoni, na upande mmoja uliotaka kitana kipite mara mbili. Tangu waoane hakuwahi kunyolewa na mkono mwingine. Jioni kinyozi alikuwa akisafisha mashine zake, na kuna moja aliyokuwa akiisafisha ingawa haikuwa imetumika.

Nyumbani kwao Taratibu hakuja.

Waliipiga albamu asubuhi na alasiri, kwa sauti ya chini na kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Walifungua mlango wa mbele. Mama mkwe alisema labda hakuna cha kutengeneza, akachukua kigoda akakivunja mguu kwa mchi wa kinu. Hakuja. Akalegeza dirisha. Hakuja. Akang'oa kitasa cha chumbani kwake, kisha cha chumbani kwa kinyozi, na mwisho wakawa wanaishi katika nyumba ambayo mtu hawezi kuegemea kitu bila kwanza kukiomba ruhusa.

"Kawia ufike," mama mkwe akasema, akiwa amekaa sakafuni kwa kukosa pa kukaa. "Huyu hajawahi kuwahi popote."

Lakini kinyozi alikuwa ameanza kuumia. Alisikia redioni kwamba Taratibu amecheka nyumbani kwa muuza mboga. Akasikia kwamba kwa mshona viatu ameimba kiitikio, tena amekosea maneno palepale alipokuwa akikosea siku zote. Aliizima redio.

"Mama, mimi siimbi tena."

"Kwa nini?"

"Tunawaimbia watu mume wangu. Kila nyumba anaijua njia ila ya kwake."

Mama mkwe alikaza uzi mmoja wa zeze, akaulegeza, akaukaza tena.

"Mimi nimemzaa," akasema baadaye. "Na mimi sijamwona."



Kesho yake aliingia kibandani mwalimu mstaafu, mama wa miwani mizito aliyekuwa akikatwa nywele fupi tangu alipofiwa na mumewe. Alisema kwamba kabati lake la vitabu limeanza kuinama na jioni hiyo angeipiga albamu, ilikuwa zamu ya nyumba yake. Kinyozi alimfunga shuka shingoni, kisha akasema:

"Mwalimu, akija, niulizie kitu. Muulize kwa nini haji nyumbani."

Mwalimu alirudi asubuhi iliyofuata kabla kinyozi hajamaliza kufagia, akakaa kwenye kiti cha wateja akiwa na mkoba wake mapajani.

"Nimemuuliza. Alifikiri sana, rafu nzima aliitengeneza bila kunijibu. Kisha akasema yuko zamuni. Kengele ya kutoka haijapigwa. Akienda nyumbani kabla ya kengele ataitwa mtoro, na mama yake hakuzaa mtoro. Ila kazi za nje anaruhusiwa kwenda, kwa sababu kazi ni kazi."

Kinyozi alishika ufagio kwa mikono miwili.

"Hajatusahau, basi."

"Alinionyesha namna unavyomshika kidevu ukimnyoa. Mtu aliyesahau hawezi kuonyesha hivyo."

Mchana huo wakwe wawili walivaa nguo zao za heshima wakaenda kwenye kampuni. Mlinzi, ambaye nyimbo zao alizijua zote kwa moyo, aliwapitisha. Walipokewa na bwana wa utumishi, mtu mpole mwenye shati lililonyooshwa vizuri, katika ofisi yenye kiyoyozi na picha kubwa ya machimbo. Aliwaagizia maji.

Mama mkwe akasema, "Baba, hatujaja kugombana. Tunaomba mpige kengele ya kutoka kwa zamu ya handaki la chini. Watu wamechoka, wako kazini tangu mwaka juzi."

Bwana wa utumishi alikubaliana naye kwamba huo ni muda mrefu.

"Shida yake, mama, kengele ya kutoka hupigiwa walioingia. Na kwenye orodha yetu hakuna aliyeingia."

"Basi fungueni handaki."

"Ndani hamna mtu. Tukifungua tutatafuta nini?"

"Mwanangu anaonekana mji mzima na kofia yenu kichwani," mama mkwe akasema.

"Najua. Hata kwangu alikuja, Jumapili iliyopita. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja. Amelikaza vizuri sana, mke wangu amefurahi, na wimbo wa tatu anaupiga kila siku." Akaweka viganja vyake juu ya meza. "Lakini kwenye orodha hayumo. Mngekuwa mimi mngefanyaje?"

"Mimi ningepiga kengele," kinyozi akasema.

Bwana wa utumishi alitikisa kichwa kwa huruma na kuwasindikiza mpaka ngazini. Kutoka pale waliweza kuuona mdomo wa handaki la chini ng'ambo ya uwanja, zege lake jeupe, na mstari wa unyevu ukishuka katikati.

Walitembea mpaka kona ya mtaa wao. Mama mkwe ndiye aliyesimama.

"Nyumbani ni utoro," akasema. "Lakini kazini anakwenda popote."

"Ndiyo."

"Sasa sisi tunamsubiri nyumbani kwa nini?"

Kinyozi akamtazama. Kisha wakageuka wote wawili, wakaenda kwa mwalimu mstaafu kumuuliza kama ana kitu kingine kilichoharibika.

Mwalimu alikuwa na droo ya meza iliyokwama tangu uhai wa mumewe. Jumapili alasiri aliwakaribisha sebuleni, akaweka sahani yenye kifuniko na jagi la maji, akasogeza kiti kimoja karibu na dirisha penye mwanga. Kinyozi alipanga vifaa vyake juu ya gazeti: mkasi, mashine, kitana, brashi. Mama mkwe alikaa na mikono mapajani kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari. Hakuwahi kuisikiliza albamu yake akiwa mgeni nyumbani kwa mtu.

"Kweli nakwaruza," akasema wimbo wa kwanza ulipoanza.

Hodi ikasikika kwenye ubeti wa pili.

Taratibu aliingia akiinamisha kichwa kwa sababu ya urefu wake. Alimsalimia mwenye nyumba kwanza, kama inavyopasa. Kisha akamgeukia mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Kule hewa ni haba."

Akamtazama mkewe. Vumbi lilikuwa limemkaa kwenye kope, na alipopepesa macho likadondoka kidogo mashavuni.

"Habari za nyumbani?" akauliza.

"Nyumbani vitu vyote vimevunjika," kinyozi akasema. "Kaa hapa."

"Niko kazini."

"Na mimi niko kazini. Kaa."

Alifikiria jambo hilo kwa muda wake wa kawaida, akaona halina kosa, akakaa. Mwalimu alimletea ile droo, akaipakata. Kinyozi alimvua kofia, akaishikilia kidogo kwa jinsi ilivyokuwa nzito, akampa mama mkwe. Akamfunga shuka. Akazamisha vidole katika nywele zile. Zilikuwa na mchanga, na vijiwe, na kipande cha gome la mti wa magogo ya kuegemezea, na chini ya hayo yote kilikuwa kichwa anachokijua, chenye joto, na kovu lake juu ya sikio. Akapitisha kitana mara ya kwanza, na ya pili.

Taratibu alikuwa akisugua reli za droo, na mkewe alikuwa akikata. Wimbo wa mwisho ulipokaribia kwisha, mwalimu, aliyekuwa amesimama karibu na spika, aliurudisha wa kwanza bila kuambiwa. Mama mkwe alikuwa akimlisha mwanawe kijiko kwa kijiko kati ya sentensi zake mwenyewe, akimpa habari za majirani. Droo ilitoka na kuingia bila taabu. Taratibu aliijaribu, akaitazama, akaitoa tena akaanza upya upande wa pili. Droo ile ilitengenezwa mara kadhaa alasiri hiyo, na hakuna fundi aliyewahi kuipa kazi ndogo kama ile muda wote ule.

"Mko wangapi huko?" mama yake akamuuliza.

"Tupo wote."

"Wenzako mbona hawatoki, hata kwa kazi?"

Taratibu aliinua droo akaipuliza vumbi.

"Hawajaitwa," akasema. "Mimi naimbiwa. Nikirudi nawasimulia nyimbo, ila nazikosea."

Kinyozi alimshika kidevu akamgeuza kwenye mwanga amalizie masharubu. Macho yao yakawa karibu. Alitaka kumwambia jambo moja na mengi, akamwambia, "Usitikisike," naye akatulia. Kisha akampaka poda shingoni kwa brashi, polepole, akarudia pasipohitaji kurudiwa.

Droo hatimaye haikuweza kutengenezwa zaidi ya hapo. Taratibu aliirudisha mezani, akanywa maji, akavaa kofia yake, ambayo sasa ilimpwaya. Mlangoni alipapasa kisogo chake.

"Kumekuwa kwepesi," akasema. Akaomba ruhusa, akarudi kazini.

Jumapili iliyofuata ilikuwa kwa muuza viatu, kisha kwa muuguzi, na mwaliko haukukoma. Watu walivunja hiki na kile ili wasikose, na waliosikiliza albamu wakawa wanapiga simu redioni kueleza, pamoja na maoni yao juu ya zeze, kwamba kijana siku hizi ananyolewa vizuri. Kampuni ilibandika tangazo langoni: mtu anayezunguka majumbani na kofia yenye alama yake hana kibali cha kuivaa, na anatakiwa airejeshe stoo. Tangazo halikutaja jina, kwa kuwa mtu huyo hakuwa kwenye orodha. Zege la handaki la chini wakalipaka chokaa upya.

Kinyozi na mama mkwe ndio waliozunguka mji kuwatafuta wale wanawake wa langoni. Walimkuta mmoja sokoni, mwingine shambani kwa kaka yake, mwingine ameolewa tena na mume mwema, aliyemwambia nenda. Wa mwisho kupatikana alikuwa mke wa mpiga baruti. Alikuja kibandani asubuhi akiwa na shaka yake, akakaa kwenye benchi la wateja kati ya wanaume wawili waliongoja kunyolewa, na mama mkwe akamtolea zeze.

"Mama, mimi sauti sina," mke wa mpiga baruti akasema. "Kanisani waliniomba nigawe vitabu tu."

"Mumeo alikuwa anapenda wimbo gani?"

Akautaja. Ulikuwa wimbo wa kuchotea maji, wa kipuuzi kidogo. Alianza kuuimba akitazama chini, akapotea njia kwenye ubeti wa kwanza, na mmoja wa wale wanaume akakohoa kuficha kicheko. Akanyamaza.

"Usihangaike kuimba vizuri," mama mkwe akamwambia. "Imba akusikie."

Kinyozi akazima mashine. Mke wa mpiga baruti akavuta pumzi, akaanza tena, kwa sauti kubwa.